Kazi ya Uani

Kila alfajiri Kivukoni hupokea watu kutoka pande mbili. Pantoni huwashusha wa Kigamboni karibu na soko la samaki la Feri, na mabasi ya mwendokasi huwashusha wa Kimara, Ubungo na Magomeni mwisho wa njia ya takriban kilomita 21 inayotumika tangu Mei 2016. Jioni mkondo hugeuka. Jiji la Dar es Salaam, lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022, limezoea kwamba kazi ni mahali pa kwendwa, na lugha yetu imezoea hivyo hivyo: mtu anakwenda kazini, yuko kazini, ametoka kazini. Aliyebaki nyumbani tunamwita mtu wa nyumbani, hata kama mikono yake haijapumzika tangu adhana ya alfajiri. Kwa hiyo utafiti wa miaka kumi na tano iliyopita kuhusu watu wanaofanyia kazi majumbani unatugusa kwa namna mbili. Unamgusa karani wa Mtaa wa Samora anayetamani kubaki Kimara siku mbili kwa wiki, na unamgusa fundi cherehani anayeshonea chumbani kwake nguo zitakazouzwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambaye hakuna aliyewahi kufikiri kwamba habari hizo ni zake pia.

Utafiti huo huuliza maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la tija: mtu akiwa nyumbani hutoa kazi kiasi gani kwa saa? La pili ni la kipato: kazi hiyo humletea nini mfukoni? Tumezoea kudhani kwamba jibu la pili hulifuata la kwanza, kwamba anayezalisha zaidi hupata zaidi. Ushahidi, ukiusoma ukiwa na Kivukoni na Kariakoo mbele ya macho, unaonyesha kwamba hayafuatani. Tija ya mtu wa nyumbani hutegemea chumba, umeme na watoto. Kipato chake hutegemea kama anaonekana na kama anaijua bei. Wahenga walilisema hili la pili kwa maneno machache: asiyekuwapo na lake halipo.

Ushahidi mwingi inabidi tuuazime. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, lakini ofisi na masoko ya Dar es Salaam yaliendelea, wakati Machi hiyo hiyo Rwanda iliwafungia watu majumbani na Kenya ikaweka marufuku ya kutoka usiku. Jaribio kubwa la kazi za nyumbani lililoikumba dunia lilitupita kando. Kwetu agizo la kufanyia kazi nyumbani limekuja kwa siku chache chache, na kwa sababu zisizohusu kazi yenyewe. Tarehe 27 na 28 Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana katika ukumbi wa mikutano wa JNICC, hapo hapo Kivukoni, kujadili nishati, na watumishi wa umma wa jijini ambao majukumu yao hayawalazimu kuwepo kituoni wakaambiwa wabaki majumbani na kazi zao. Agizo kama hilo lilitolewa tena kwa siku iliyofuata uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, safari hii intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima. Siku za namna hiyo haziwezi kumfundisha mtu lolote kuhusu tija. Mtumishi aliyeko Mbagala bila mtandao, na mafaili yake yako kabatini ng'ambo ya jiji, hana kazi ya kufanya hata akiitaka kwa moyo wote.

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilifanyika Shanghai, katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 na Nicholas Bloom na wenzake watatu. Wafanyakazi wa kitengo cha kupokea simu za wateja waliulizwa nani angependa kufanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano. Walijitokeza 503, na 249 kati yao wakatimiza masharti. Kisha ikapigwa kura ya tarehe za kuzaliwa: waliozaliwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili walikwenda nyumbani, waliobaki wakabaki ofisini kama kipimo cha kulinganishia. Baada ya miezi tisa, kundi la nyumbani lilikuwa limefanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Kama asilimia 9 zilitokana na dakika zaidi za kazi katika kila zamu, kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua zilipungua, na asilimia 4 zilitokana na simu zaidi kwa kila dakika, kwa sababu nyumbani kulikuwa na utulivu. Idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa nusu. Kampuni nayo iliokoa karibu dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi aliyeachia kiti chake.

Takwimu hizo zimezunguka dunia nzima, lakini mambo mawili yaliyomo ndani ya utafiti huo huo hayatajwi sana. La kwanza ni masharti: ili mtu akubaliwe, ilimpasa awe na intaneti ya uhakika na chumba chake mwenyewe cha kufanyia kazi. La pili ni vyeo. Ukiwalinganisha watu wenye kiwango kilekile cha kazi, waliokuwa nyumbani walipandishwa cheo kwa nadra kuliko waliokuwa ofisini. Yaani kampuni ilipata kazi zaidi, ikaokoa pango, na waliozileta faida hizo wakasahauliwa wakati wa kugawa madaraka. Nafikiri kifungu hicho kidogo ni kizito kuliko ile asilimia 13. Na huenda wafanyakazi wenyewe walikielewa: jaribio lilipokwisha na kila mmoja akaruhusiwa kuchagua, wengi walibadili mahali pao pa kazi, wakiwemo waliokuwa nyumbani waliorudi ofisini.

Hebu tulichukue sharti la chumba tulilete Kariakoo. Mtaa ulipangwa kwa viwanja vya nyumba za Kiswahili, na ingawa maghorofa yamezimeza nyingi, umbo lile bado linatawala maisha ya wapangaji wa jiji, kuanzia Magomeni hadi Temeke: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na kaya yake, na uani nyuma kwa kupikia, kufulia na kuotea jua. Chumba kimoja ni cha kulala usiku, cha wageni mchana, na ghala la mzigo wakati wote. Mfanyakazi wa Shanghai aliyepewa utulivu alipokea simu zaidi kwa dakika. Mpangaji wa korido aliyepewa kazi ileile atazungumza huku redio ya jirani ikilia na mtoto akimvuta kanga, na pengine umeme wa LUKU umeisha katikati ya zamu. Nani atamlaumu simu zake zikipungua?

Si lazima tukisie. David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde walifanya jaribio la aina hii mjini Chennai, India, kwa watu walioajiriwa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na wakayatoa matokeo mwaka 2023. Waliopangiwa nyumbani kwa bahati nasibu walikuwa na tija ndogo kwa asilimia 18 kuliko waliopangiwa ofisini. Theluthi mbili za pengo hilo zilionekana tangu siku ya kwanza, na iliyobaki ilitokana na kwamba waliokaa pamoja ofisini walijifunza upesi zaidi. Kinachouma zaidi ni habari ya chaguo. Watu waliopendelea kazi ya nyumbani walikuwa hodari tangu mwanzo, wepesi na makini zaidi kwa asilimia 12 katika majaribio ya awali. Lakini hao hao ndio walioporomoka zaidi walipokuwa nyumbani: asilimia 27 chini ya uwezo wao wa ofisini, wakati waliopendelea ofisi walishuka kwa asilimia 13 tu walipokuwa nyumbani. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba wengi wa waliopendelea nyumbani walikuwa na watoto au wategemezi wa kuwahudumia, au walitoka kaya maskini. Waliomba nyumbani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kubaki nyumbani.

Utafiti mwingine wa India, wa Michael Gibbs na wenzake, uliwafuatilia wataalamu wa kompyuta zaidi ya 10,000 wa kampuni moja walipohamia majumbani wakati wa korona. Saa zao za kazi ziliongezeka na tija ikashuka kati ya asilimia 8 na 19. Hawa walikuwa na mishahara mizuri na kompyuta za kampuni. Basi anayesema kwamba nyumba huongeza tija anasema kweli ya Shanghai, na anayesema huipunguza anasema kweli ya Chennai. Tofauti kati yao haiko katika uvivu wala bidii ya mtu. Iko katika idadi ya watu wanaokitumia chumba, na nani mwenye jukumu la wagonjwa na watoto.

Kuhusu kipato, majibu ya nchi mbalimbali yanakaribiana zaidi, na ndiyo maana nalipa swali hili uzito mkubwa. Mwezi Januari 2021 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa wakifanyia kazi majumbani, karibu asilimia 8 ya wafanyakazi wote, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Waliokuwa wakipokea kazi ya mwajiri na kuifanyia nyumbani walipata pungufu kuliko wenzao wa nje, hata wale wenye ujuzi wa juu: pungufu kwa asilimia 13 Uingereza, 22 Marekani, 25 Afrika Kusini, na karibu nusu nzima Argentina, India na Mexico. Pengo la namna hiyo haliwezi kuelezwa na kelele za watoto peke yake. Mwingereza mwenye chumba chake naye amepunjwa.

Maelezo yake yanaonekana vizuri zaidi Kariakoo na Feri kuliko katika vitabu vya uchumi. Nyumba ya Kiswahili ina sehemu mbili za kazi, na hazilipi sawa. Fundi aliyeweka cherehani barazani anawaona wapita njia, anasikia jirani yake ametoza kiasi gani kwa mshono uleule, anamjua mwenye kitambaa, na mteja akipunja anamwona akivuka barabara kwenda kwa fundi wa pili. Anayeshonea chumbani au uani hupokea mzigo uliokatwa tayari kutoka kwa tajiri mmoja, huurudisha ukiwa na vifungo, na hulipwa kwa kipande. Bei ya gauni likifika kwenye fremu ya duka haijui, na hajui kama mwenzake wa mtaa wa pili analipwa zaidi. Uzi, umeme, makaa ya pasi na nauli ya bodaboda ni vyake. Mikono ya watu hawa wawili inaweza kuwa sawa kwa wepesi. Kilichowatenganisha ni kuta mbili na korido. Feri ni hivyo hivyo. Samaki hupata bei mnadani, mbele ya macho ya wote, na kina mama karanga wanaonunua pale na kukaanga wanajua asubuhi hiyo fungu limekwenda kwa kiasi gani. Mwanamke anayeletewa samaki nyumbani awakaange kwa ujira anafanya kazi ileile, kwa moto uleule, lakini mnada hakuuhudhuria, na ujira wake umepangwa na mtu aliyeuhudhuria.

Historia ya jiji hili inathibitisha kwamba ubaya hauko katika nyumba yenyewe. Miaka ya 1980 mshahara wa ofisi za Kivukoni ulikuwa haukidhi hata wiki za mwanzo za mwezi. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi yake Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988 na kuchapisha kitabu mwaka 1997, alikuta kwamba mshahara umekuwa sehemu ndogo mno ya fedha za kaya, na sehemu kubwa inatoka kwenye miradi: kuku, ng'ombe wa maziwa, maandazi, barafu, ushonaji. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na kipato cha pili, na Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza sharti hilo wakati maisha yalikuwa yameshalipita. Miradi ile ilikuwa kazi ya uani kwa maana halisi ya neno. Lakini bei ilipangwa na mwenye kuku, mteja alibisha hodi kwake, na mama wa nyumba, ambaye vitabu vya serikali vilimhesabu kama mtegemezi, akawa ndiye anayelilisha jiji. Uani ulilipa, kwa sababu wakati huo uani ulikuwa na mlango wa barabarani.

Yupo atakayesema kwamba siku hizi simu imeyamaliza haya yote: soko limeingia chumbani, bei iko kwenye kiganja. Hoja hii ina ushahidi wa maana. Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 jinsi simu za mkononi zilivyobadili soko la dagaa la Kerala, India, kati ya 1997 na 2001: wavuvi walipoweza kuuliza bei wakiwa baharini, faida yao ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Nani mkazi wa Kivukoni asingefurahi? Lakini mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo, samaki walikuwa wake, na aliposikia bei nzuri aligeuza usukani akaenda huko. Taarifa ilimfaa kwa sababu alikuwa na pa kwenda. Fundi wa uani akiijua bei ya gauni bado kitambaa ni cha tajiri. Hata muuzaji wa mtandaoni anayepiga picha bidhaa za Kariakoo na kuziuza akiwa sebuleni Tabata hukutana na ukweli huo. Hana fremu wala hakulipa kilemba, na huo ni unafuu mkubwa. Lakini anayemfuatia mzigo ni winga, dalali wa soko, na winga, ambaye ndiye anayelijua chimbo la bidhaa, huweka cha juu kabla ya kumpa bei. Umbali kati ya sebule na chimbo una gharama yake, na anayeilipa ni aliye mbali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Linasema: watu hawa wamechagua wenyewe, na kipato pungufu ni bei wanayolipa kwa hiari ili wapate nafasi, wakwepe foleni, wawe karibu na watoto. Alexandre Mas na Amanda Pallais walipima jambo hili Marekani na kuona kwamba kwa wastani waombaji kazi walikuwa tayari kuachia kama asilimia 8 ya mshahara wafanyie kazi nyumbani. Utafiti wa nchi 27 uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kubaki nyumbani humwokolea mtu dakika 72 kwa siku, na kwamba asilimia 40 ya muda huo huurudisha kwenye kazi yake. Anayeshindana na milango ya mwendokasi kila asubuhi hahitaji kushawishiwa kwamba saa moja na zaidi ni mali. Tena yako matokeo ya Bengal Magharibi, India, ambako kazi za kompyuta zilipowapa wanawake uhuru wa kuzifanyia nyumbani kwa wakati wautakao, waliozikubali waliongezeka kutoka asilimia 15 hadi 48, na waliozionja walikuwa tayari zaidi baadaye kupokea kazi za nje. Kuwafungia watu kazi ya nyumbani kwa jina la kuwalinda kungekuwa kuwafungia mlango pekee walio nao.

Nakubali yote hayo, na bado pingamizi halifiki mwisho wa safari. Ukilinganisha asilimia 8 ambazo Mmarekani yuko tayari kuziachia na nusu ya mapato anayoikosa Mhindi wa uani, utaona kwamba sehemu kubwa ya pengo haikununua chochote. Na chaguo la mama wa Chennai mwenye mtoto mchanga ni chaguo kwa jina tu. Yeye hodari kuliko wenzake aliwekwa mahali ambapo uhodari wake unapotea, kisha upotevu huo ukatumika kama ushahidi kwamba anastahili kidogo. Ofisi za Kivukoni zikianza kuruhusu siku za nyumbani, nahofia mzunguko huo huo: wanawake wenye watoto ndio watakaoziomba kwa wingi, wanaume watabaki wakionekana kwenye korido za wakubwa, na baada ya miaka mitano orodha ya walioteuliwa itaeleza iliyobaki. Dawa yake inajulikana, na imepimwa. Kampuni ile ile ya Shanghai, sasa ikiitwa Trip.com, ilifanya jaribio kwa watu 1,612, baadhi yao wakipewa utaratibu wa siku mbili nyumbani na tatu ofisini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, bila kudhuru ubora wa kazi wala kupandishwa vyeo kwa miaka miwili. Mtu alionekana vya kutosha asisahaulike, na alikaa nyumbani vya kutosha akapumua.

Fundi wa uani hana ofisi ya kuonekana siku tatu. Mkataba wa kimataifa Namba 177 wa mwaka 1996 unataka mtu anayefanyia mwajiri kazi nyumbani atendewe sawa na wa kiwandani, katika ujira, afya, uzazi na haki ya kujiunga na wenzake, lakini ni nchi chache sana duniani zilizouridhia. Amri zetu za mishahara hupanga kima cha chini kwa saa, siku, wiki na mwezi, na kipande hakina saa. Hata hivyo upo mlango ambao tayari uko wazi, na nashangaa jinsi unavyopitwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaorodhesha dalili ambazo moja tu ikionekana, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba anamtegemea kiuchumi yule anayempa kazi, kwamba anamfanyia mtu mmoja tu, au kwamba amemfanyia kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anayeshona saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, ameshazipita saa hizo. Anachokosa ni ushahidi wa kupeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kuwa mzigo ulikuja kwa mdomo na ukaondoka kwa mdomo. Daftari la shule linatosha kuanzia: tarehe, vipande vilivyopokewa, saa ya kuanza na ya kumaliza, kiasi kilicholipwa. Malipo yanayopita kwenye simu yameshaandika nusu ya daftari hilo, kwa jina la tajiri mwenyewe na dakika aliyotuma.